Uwajibikaji wa biashara huanzia kwenye ankara, si kwenye msaada

SWALI: Mimi na mshirika wangu tunamiliki kiwanda kidogo cha samani za ofisi chenye wafanyakazi 32. Faida ya mwaka jana ilikuwa ndogo. Tumepokea barua ya kuombwa kuchangia maktaba ya shule iliyo jirani na kiwanda, nami ningependa tuanze kutenga sehemu ya faida kila mwaka kwa shughuli za namna hiyo, kwa sababu nasikia kwamba kampuni zinazojali jamii na kujenga mahusiano mema ndizo zinazofanikiwa. Mshirika wangu anasema kazi ya biashara ni kutafuta faida, na kwamba mahusiano hayalipi mishahara. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama ni mimi, tuanzie wapi ilhali fedha ni chache?

JIBU: Nianze na msimamo wangu ili usiusubiri hadi mwisho. Uko sahihi kwamba uwajibikaji kwa jamii na mahusiano mema huchangia sana mafanikio ya biashara, lakini umeuanzia uwajibikaji huo mahali ambapo ulipaswa kuishia. Mshirika wako amekosea anaposema kwamba mahusiano hayalipi mishahara, ila hofu yake kuhusu fedha zinazotoka bila mpango ni ya haki na haifai kupuuzwa. Jamii ya kwanza ambayo biashara yenu inawajibika kwayo ni wale wanaokata mbao na kupiga randa humo ndani, wanaowaletea mbao na gundi, wanaonunua meza na viti vyenu, na majirani wanaovuta vumbi na harufu ya vanishi inayotoka kwenu. Kampuni inayowatendea haki hao hujenga imani, na imani hiyo ndiyo inayougeuza uwajibikaji kuwa fedha. Kampuni inayowaruka na kukimbilia kutoa misaada hupata picha za sherehe ya makabidhiano, basi.

Hoja ya mshirika wako si ngeni. Mtetezi wake mashuhuri zaidi ni mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, ambaye mwaka 1970 aliandika katika jarida la New York Times kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake. Wengi humnukuu hadi hapo na kuishia hapo. Katika makala hiyohiyo aliweka sharti kwamba faida itafutwe kwa kufuata kanuni, kwa ushindani wa wazi, bila hila wala udanganyifu. Na alikiri kwamba kampuni iliyo mwajiri mkubwa katika mji mdogo inaweza kunufaika baada ya muda mrefu ikitumia fedha kuuboresha mji huo, kwa kuwa itapata wafanyakazi wazuri kwa urahisi zaidi. Alichokipinga hasa ni meneja aliyeajiriwa kugawa kwa hisani fedha ambazo ni za wanahisa. Ninyi wawili ndio wenye mali, kwa hiyo pingamizi hilo haliwagusi: mkikubaliana kutoa, mnatoa cha kwenu. Kinachobaki ni swali la kibiashara, yaani kama matumizi hayo yanarudi, yanarudi kwa njia gani, na baada ya muda gani.

Tafiti zinatia moyo, ila zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2003 Marc Orlitzky na wenzake wawili walichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti 52, na wakaona kwamba kwa ujumla kampuni zinazowajibika zaidi kwa jamii huwa pia na hali bora kifedha. Waliona vilevile kwamba jambo hilo huenda pande zote mbili: kuwajibika husaidia kupata faida, na kupata faida huiwezesha kampuni kuwajibika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kampuni fulani imetajirika kwa sababu inatoa sana, uliza kwanza kama haitoi sana kwa sababu imekwisha kutajirika. Kwa maoni yangu, wastani wa tafiti nyingi hauwezi kumwongoza mwenye kiwanda kimoja. Kinachomfaa ni kuelewa fedha hupita wapi: ni gharama ipi hasa inapungua, na ni mauzo gani hasa yanaongezeka, pale watu wanapoiamini kampuni yake.

Chukua ankara moja tu. Muuzaji wenu wa mbao ameleta mzigo kwa makubaliano ya kulipwa ndani ya siku 30. Siku ya 30 inafika, fedha zipo, lakini mnaona afadhali zikae kidogo benki. Siku ya 45 anapiga simu, anaambiwa mwenye kusaini hundi amesafiri. Siku ya 60 anakuja mwenyewe, anakaa kwenye benchi la mapokezi asubuhi nzima, na anaondoka na nusu ya deni lake. Katika vitabu vyenu jambo hilo linaonekana kama ushindi, kwa sababu mmetumia fedha za mtu kwa mwezi mzima bila riba. Sasa litazameni kutoka upande wake. Naye amechukua mbao hizo kwa mali kauli, ana dereva na wapakiaji wa kuwalipa, na pengine amekopa kwa riba ili kuziba pengo mliloliacha. Hatawagombeza, kwa kuwa anahitaji biashara yenu. Atafanya mambo yake kimyakimya: bei ya mzigo ujao itakuwa na nyongeza ndogo isiyoelezwa, mbao zilizokauka vizuri zitaenda kwa mteja anayelipa kwa wakati, na ninyi mtaletewa zenye unyevu, na atakapopata tetesi kwamba mbao zitaadimika, mtakuwa wa mwisho kuambiwa. Mbao zenye unyevu zitapinda baada ya meza kufika kwa mteja, mteja atairudisha, fundi atatumia siku mbili kuirekebisha, na hakuna mtu yeyote kiwandani atakayeihusisha hasara hiyo na ile ankara iliyocheleweshwa miezi minne nyuma.

Gharama ya kutoaminika haina mstari wake katika mahesabu. Imetawanyika kidogokidogo katika bei ya malighafi, katika bidhaa zinazorudishwa, katika muda wa mafundi na katika oda zinazokwenda kwa washindani, na ndiyo maana mtu makini kama mshirika wako anaweza kusoma vitabu vya mwaka mzima asiione. Ushauri wangu wa kwanza, kabla ya hatua nyingine yoyote, ni huu: lipeni kila ankara kwa tarehe mliyoahidi, na pale ambapo hamtaweza, mpigieni simu anayewadai kabla ya tarehe hiyo kufika, mkamwambie mtalipa kiasi gani na lini. Mtu huona aibu kuipiga simu hiyo, lakini ndiyo inayotofautisha mdaiwa mwenye shida na mdaiwa asiyejali, na kila mfanyabiashara anaijua tofauti hiyo. Hatua hii haihitaji bajeti ya uwajibikaji wa kijamii. Inahitaji nidhamu ya mtiririko wa fedha, jambo ambalo mshirika wako bila shaka atalipenda.

Thamani ya mahusiano yaliyojengwa kwa namna hii huonekana zaidi siku ya janga. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin Seiki katika mji wa Kariya, Japani. Humo ndimo zilimotengenezwa karibu valvu zote za breki ambazo Toyota ilizitegemea, na kwa kuwa Toyota haikuwa na mazoea ya kulimbikiza vipuri ghalani, akiba iliyokuwepo ilikuwa ya muda mfupi sana. Viwanda vya kuunganisha magari vikasimama. Kilichofuata kinastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba mahusiano ni maneno matamu: kampuni zipatazo 200 zilijitokeza kusaidia, nyingi zikiwa hazijawahi kutengeneza valvu hizo, na mojawapo ikiwa kampuni ya vyerehani ambayo haikuwahi kuhusika na vipuri vya magari. Ziligawana michoro ya Aisin, zikatafuta mashine popote zilipopatikana, na zikaanza kazi bila kusubiri kwanza makubaliano ya nani atalipwa nini. Ndani ya muda wa wiki moja hivi magari yalikuwa yakitengenezwa tena, na malipo yalishughulikiwa baadaye. Hakuna mkataba ulioweza kuzilazimisha kampuni hizo kufanya hivyo usiku na mchana. Zilisukumwa na miaka mingi ya kutatua matatizo ya kiufundi pamoja na Toyota na Aisin, na hakika kwamba anayejitoa leo hatasahauliwa oda mpya zitakapogawanywa. Nakiri kwamba Toyota ni kampuni kubwa mno kulinganishwa na kiwanda cha watu 32, na kwamba wauzaji wake walikuwa na sababu za kuiogopa pia. Lakini woga peke yake hauwezi kumfanya mhandisi wa kampuni nyingine akeshe akibuni namna ya kutengeneza kifaa asichokijua.

Hata katika shughuli za kila siku, nje ya majanga, mambo huenda hivyohivyo. Mwaka 1963 mtaalamu wa sheria Stewart Macaulay alionyesha kwamba wafanyabiashara wa jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, mara nyingi walimaliza tofauti zao bila kuufungua mkataba wala kufikiria mahakama, kwa kuwa walitaka kuendelea kufanya biashara pamoja. Msiache kuandika mikataba kwa sababu hiyo. Mkataba unawakumbusha wote mlichokubaliana. Lakini unapolazimika kuutumia kama silaha, mahusiano yamekwisha kuvunjika, na wakili anahitaji kulipwa.

Upande wa wafanyakazi ndiko ambako nadhani kiwanda chenu kina mengi zaidi ya kupata. Mwaka 1913 kampuni ya Ford ilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, lakini ili kubaki na idadi hiyo ililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu kazi ya kuunganisha magari kwa mfululizo ilichosha na watu walikuwa wakiikimbia. Kila anayeondoka huacha nafasi inayojazwa na mtu asiyeijua kazi, na asiyeijua kazi huharibu vitu, huenda polepole na huumia kwa urahisi. Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku kwa waliotimiza masharti yake, ambayo yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya awali, na akapunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Watu waliacha kukimbia, utoro kazini ukapungua sana, na faida ya kampuni ikaendelea kupanda. Sisemi haya kwa kumtukuza Ford, kwani masharti hayo yaliambatana na wakaguzi waliotumwa majumbani kuchunguza namna wafanyakazi wanavyoishi, na huko ni kuwavunjia watu heshima. Ninachotaka mkione ni hesabu yake: mshahara ulipanda, lakini gharama ya kuajiri na kufundisha watu wapya kila wiki iliporomoka.

Ninyi hamwezi kuongeza mishahara mara mbili, wala sishauri mjaribu. Mnaweza, hata hivyo, kufungua daftari la ajira leo jioni na kuhesabu ni wangapi wameondoka katika miaka miwili iliyopita, kisha mkadirie gharama ya kumpata mmoja na kumfikisha kwenye kiwango: mbao anazoharibu katika miezi ya mwanzo, muda wa fundi mkuu anayesimama kando yake, oda zinazochelewa wakati nafasi iko wazi. Wenye viwanda wengi hushtuka wanapoiona jumla hiyo kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo waulizeni mafundi wenyewe, mmoja mmoja, ni nini kinachowafanya wafikirie kuondoka. Mara nyingi majibu hayahusu kiwango cha mshahara, yanahusu tarehe ya mshahara. Saa za ziada ambazo hazikuandikwa. Msimamizi anayetukana watu mbele ya wenzao. Au kinga ya msumeno iliyovunjika na kuondolewa bila kurudishwa.

Hapo kwenye usalama niseme kwa mkazo, kwa kuwa kazi yenu ni ya mbao. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Feni za kunyonya vumbi kwenye mashine, barakoa zinazobana vizuri usoni na chumba cha vanishi chenye hewa ya kutosha ni mambo ambayo mfanyakazi ana haki nayo kabla ya mtu yeyote nje ya kiwanda kupewa msaada. Kiwanda kinachochangia maktaba huku mafundi wake wakikohoa kimekosea mpangilio, na wafanyakazi wake watakuwa wa kwanza kuusema ukweli huo mitaani.

Usidhani kwamba wateja hawaangalii mambo haya. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na jiji la Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakiwa washonaji wa nguo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka yaliyokuwa humo yalifungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Kampuni za nje zilizoagiza nguo katika jengo hilo hazikuwa zimewaajiri watu wale, ila ulimwengu mzima ulizidai majibu, na baada ya hapo zaidi ya kampuni 200 zilisaini makubaliano ya kukagua usalama wa viwanda vinavyozihudumia. Tangu wakati huo wanunuzi wakubwa wameongeza maswali wanayomwuliza muuzaji kabla ya kumpa kazi. Siku mtakapoomba zabuni ya kuweka samani katika ofisi za kampuni kubwa, fomu yao inaweza kuuliza kuhusu ajali kazini, mikataba ya ajira na asili ya mbao zenu. Aliyeanza kuweka kumbukumbu miaka mitatu kabla ataijaza kwa urahisi. Aliyeanza wiki ileile atabuni majibu, na majibu ya kubuni hugundulika mkaguzi anapofika.

Kuhusu wateja sina haja ya kuwa na maneno mengi, kwa sababu kanuni ni ileile: ukweli ukigharimu leo, uongo utagharimu zaidi. Mwaka 1982 watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu asiyejulikana alivitia sumu ya sianidi. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyokuwa mtengenezaji wa dawa hiyo ya maumivu na ambayo haikuwa na hatia katika kitendo hicho, iliwatangazia watu wasivitumie na ikarudisha chupa zipatazo milioni 31 kutoka madukani, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Mauzo yaliporomoka, lakini dawa hiyo iliporudi ikiwa na kifungashio kinachoonyesha kama imeguswa, wateja wengi waliirudia ndani ya mwaka mmoja. Volkswagen ilichagua njia nyingine: mwaka 2015 ilibainika kwamba ilikuwa imeweka katika magari yapatayo milioni 11 programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na tangu hapo faini, fidia na matengenezo vimeigharimu zaidi ya yuro bilioni 30. Kwenu ninyi jambo hili lina sura ndogo zaidi. Kiti kikivunjika, mteja anakumbuka kwa miaka jinsi alivyopokewa alipopiga simu: aliulizwa ana risiti, au aliulizwa kama kuna mtu aliyeumia.

Sasa nimtetee mshirika wako, kwa kuwa wema usio na hesabu unaweza kuizamisha kampuni. Desemba 1995 moto uliunguza kiwanda cha nguo cha Malden Mills, jimboni Massachusetts. Mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, aliendelea kuwalipa wafanyakazi waliokosa kazi na akaamua kujenga upya mahali palepale. Alisifiwa nchi nzima, na nadhani alistahili sifa hizo. Lakini alijenga kwa mikopo mikubwa, mauzo hayakuenda kama alivyotarajia, na mwaka 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hatimaye yeye mwenyewe akapoteza mamlaka juu yake. Sioni kwamba mishahara ile ndiyo iliyomwangusha. Deni la ujenzi lilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo wafanyakazi wanaokupenda hawawezi kulipa riba ya benki kwa niaba yako, na kampuni iliyofungwa haimsaidii mtu yeyote. Mshirika wako anapouliza fedha zitatoka wapi, anailinda kampuni na anawalinda wale 32 pia.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mahusiano yana upande wake mbaya, nao huanza kwa sura ya wema. Muuzaji ambaye ni rafiki huachiwa alete mbao mbovu kwa sababu ya kuoneana haya. Fundi mzembe habanwi kwa sababu ni wa siku nyingi. Zawadi kwa ofisa wa ununuzi wa kampuni fulani huitwa ukarimu wakati ni rushwa. Uhusiano ninaouzungumzia hapa unastahimili kuandikwa na kuonyeshwa. Muuzaji mnayemwamini aendelee kushindanishwa na wengine mara kwa mara, na akipoteza aambiwe sababu waziwazi. Zawadi ambayo msingependa mwajiri wa aliyeipokea aione, msiitoe.

Mnaanzia wapi, basi, na fedha ni chache? Kwa mwaka wa kwanza ningeshughulikia mambo matatu tu: tarehe za malipo, usalama wa mashine na vumbi, na daftari la malalamiko ya wateja ambalo mmoja wenu analisoma kila Ijumaa na kumpigia simu kila aliyelalamika. Majirani nao wapeni saa moja. Waiteni, waulizeni ni nini kinachowakera, na kama ni kelele za msumeno alfajiri, sogezeni ratiba. Kufanya hivyo hakugharimu chochote, na siku mtakapohitaji kibali cha kupanua kiwanda mtakuta watu wasiowapinga. Akitokea mshauri wa kuwauzia cheti cha ISO 26000, mkataeni. Mwongozo huo wa uwajibikaji wa kijamii, uliotolewa mwaka 2010, unafaa kusomwa, lakini haukuandikwa kwa ajili ya kutolewa vyeti, na anayedai kuwa na cheti chake anauza kitu kisichokuwepo.

Kuhusu barua ya maktaba, msiitupe wala msiijibu kwa hundi. Mnacho ambacho wachangiaji wengine hawana: mashine, mafundi na mabaki mazuri ya mbao. Nendeni kwa mkuu wa shule mkamweleze kwamba mwaka huu hamna fedha za kuchangia, lakini mnaweza kutengeneza rafu na meza kadhaa za kusomea katika kipindi ambacho oda huwa chache. Tajeni idadi mnayoiweza na tarehe mnayoiweza, kisha mzitimize, kwa kuwa shule ikishaandika ahadi yenu katika mipango yake mnadaiwa kama mnavyodaiwa na muuzaji wa mbao. Andikeni pia gharama halisi ya mbao na saa za mafundi, na mafundi hao walipwe kama kawaida. Mfanyakazi asilazimishwe kutoa sadaka ambayo sifa zake atapewa mwajiri. Kazi kama hiyo inawafahamisha wazazi, walimu na maofisa kwamba mnajua kutengeneza samani imara, jambo ambalo bango la pongezi haliwezi kulionyesha.

Mwisho, wekeni makubaliano ya maandishi kati yenu wawili, ili mjadala huu usirudiwe kila mwezi kwa hisia. Andikeni leo namba mlizo nazo: wafanyakazi walioondoka mwaka jana, siku za kazi zilizopotea kwa ajali na maradhi, wastani wa siku mnazochukua kulipa ankara, bidhaa zilizorudishwa, na sehemu ya mauzo iliyotoka kwa wateja waliowahi kununua kabla. Zitazameni tena baada ya miezi 12, na tena baada ya 24, kwa sababu imani hujengeka polepole na mwaka mmoja unaweza kuwa mfupi. Namba zikisogea, mtenge asilimia ndogo ya faida kwa shughuli za nje, kama ulivyotaka. Zisiposogea kabisa baada ya miaka miwili, mshirika wako atakuwa na haki ya kudai kwamba michango ya nje isimame hadi hali itakapokuwa nzuri. Lakini kulipa kwa wakati, kinga za mashine na kupokea simu za wanaolalamika visiwe sehemu ya mjadala huo. Yaandikeni hayo katika makubaliano tangu siku ya kwanza kuwa ni gharama za kawaida za uendeshaji, pamoja na umeme na mishahara.